Likizo ya watu saba: ulipe kwa kichwa au uchukue kizima?

Bango la hoteli ya pwani likisema "sh. 9,000 pps", bei hiyo haikupangwa na familia ya watu saba akilini. Herufi hizo tatu zina maana ya bei ya mtu mmoja, wawili wakilala chumba kimoja. Hoteli nyingi nchini huanzia hapo: baba, mama, na watoto wadogo wawili waliobanwa kwenye chumba hicho hicho. Mama anayelea peke yake, nyanya mwenye wajukuu watano, mume mwenye wake wawili, shangazi anayesafiri na watoto wa ndugu yake, wote hawa huangukia kwenye maandishi madogo chini ya orodha ya bei. Pesa nyingi hupotea hapo.

Kwa familia ya Nakuru, Kisumu au Kakamega inayotaka kushuka pwani, au hata kulala siku mbili karibu na nyumbani, ulinganisho unaofaa si wa hoteli hii na ile. Ni wa vitu vinavyouzwa kwa kichwa (kitanda cha hoteli, tiketi ya treni, kiti cha ndege, ada ya hifadhi) na vinavyouzwa kizima (nyumba, banda, matatu ya kukodi, mashua). Kuanzia watu watano au sita, mahali pa kulala pachukue pakiwa pazima. Safari ndefu, kinyume chake, mara nyingi hubaki nafuu ukilipa kwa kichwa. Watu wawili wasidanganywe na nyumba kubwa ya bei nzuri.

Familia ya mfano

Tuchukue mama wa miaka 40, nyanya wa 66, kijana wa 15, watoto wa miaka 10, 7 na 4, na mchanga wa miezi 14. Baba yuko kazini au hayupo kabisa, hoteli haijali. Bei za malazi na chakula hapa chini ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Weka zako mahali pake.

Hoteli yetu inatoza sh. 9,000 kwa mtu kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni (kwenye karatasi ya bei utaona HB, BB ni kifungua kinywa pekee, FB ni milo mitatu). Anayelala peke yake analipa sh. 13,000. Masharti yake ni ya kawaida: chini ya miaka 3 bure, miaka 3 hadi 11 akilala na watu wazima wawili analipa nusu, kuanzia 12 ni mtu mzima, mtoto akilala chumba cha watoto analipa robo tatu, chumba kimoja kisizidi watu wazima wawili na watoto wawili, mchanga akiwekewa kitanda chake kidogo.

Hesabu ya haraka ambayo wengi huifanya ni hii: watu wazima wawili sh. 18,000, watoto wanne kwa nusu bei sh. 18,000, mchanga bure. Jumla sh. 36,000 kwa usiku. Hesabu hiyo haitakubaliwa mapokezi, kwa sababu tatu. Kijana wa 15 si mtoto machoni pa hoteli. Watu saba hawaingii chumba kimoja. Na wakigawanywa vyumba viwili, chumba kimoja kitabaki na mtu mzima mmoja, na hapo nusu bei ya watoto huyumba, kwani ilitolewa kwa sharti la watu wazima wawili.

Mgawanyo wa kwanza: nyanya, kijana wa 15 na mtoto wa 10 chumba kimoja. Hapo ni 9,000 + 9,000 + 4,500 = sh. 22,500. Mama na watoto wa 7 na 4, pamoja na mchanga, chumba cha pili. Hoteli nyingine humtoza mama bei ya mtu mmoja na watoto nusu: 13,000 + 4,500 + 4,500 = sh. 22,000. Nyingine husema mtoto wa kwanza anashika kitanda cha mtu mzima wa pili, kwa hivyo 9,000 + 9,000 + 4,500 = sh. 22,500. Uliza ni njia gani wanatumia, kisha piga hesabu zote mbili mwenyewe. Kwa njia ya kwanza familia inalipa sh. 44,500 kwa usiku, yaani sh. 8,500 zaidi ya ilivyodhaniwa. Kwa siku tano ni sh. 42,500, na hiyo si pesa ya kutafuta ukiwa tayari umesimama mapokezi na mabegi.

Mgawanyo wa pili: mama na nyanya pamoja na watoto wa 7 na 4 na mchanga, sh. 27,000. Kijana wa 15 na mdogo wake wa 10 chumba cha pembeni: 9,000 kwa kijana, robo tatu yaani 6,750 kwa mdogo, jumla sh. 15,750. Vyote viwili ni sh. 42,750. Umeokoa sh. 1,750 kila usiku kwa kuhamisha watu tu. Shida ni kwamba hoteli nyingi hazikubali walio chini ya miaka 18 walale peke yao isipokuwa vyumba viwe na mlango wa ndani unaoviunganisha. Vyumba vya aina hiyo ni vichache na huisha mapema, kwa hivyo viulizie kwa jina hilo, "vyumba vyenye mlango wa ndani", na usubiri jibu la maandishi. "Vyumba vilivyo karibu" ni kitu kingine kabisa: vinaweza kuwa pande mbili za ujia, au kimoja kikawa ghorofa ya juu.

Nyumba nzima

Nyumba ya vyumba vitatu Mtwapa, Nyali au Diani haiulizi umri wa mtu. Tukiichukua kwa sh. 15,000 kwa usiku, siku tano zinakuwa hivi:

| | Hoteli, milo miwili | Nyumba nzima |
|---|---|---|
| Malazi, usiku 5 | 222,500 | 75,000 |
| Usafi wa kuondoka | – | 3,000 |
| Tokeni za stima | – | 2,500 |
| Mpishi | – | 10,000 |
| Chakula | 17,500 (mchana tu) | 27,500 |
| Tuktuk za kwenda ufuoni na sokoni | – | 5,000 |
| Jumla, sh. | 240,000 | 123,000 |

Tofauti ni sh. 117,000. Sasa weka familia ambayo hoteli iliifikiria, watu wazima wawili na watoto wawili, kwa bei zile zile. Hoteli inakuwa sh. 145,000 na nyumba hiyo hiyo sh. 113,000, na tofauti imeshuka hadi sh. 32,000. Mama na mtoto mmoja wa miaka 7? Hoteli karibu sh. 92,500, nyumba ile ile sh. 105,500. Wao wanalipia vyumba viwili vya hewa. Kwa watu watatu bei zinakaribiana kiasi kwamba kinachoamua ni uchovu wa mama: akiwa hataki kuona sufuria kwa siku tano, aende hotelini bila kujilaumu.

Hapo pa mpishi pasikatwe ovyo. Familia nyingi huondoa sh. 10,000 hizo kwenye bajeti, kisha nyanya au binti mkubwa ndiye anayepika ugali wa watu saba mchana na jioni huku wengine wakiogelea. Likizo hiyo ni ya wengine, si yake. Mpishi wa kukodi pwani humjua mvuvi na bei ya samaki, na akienda sokoni mwenyewe mara nyingi hurudisha sehemu ya malipo yake.

Kabla ya kulipa nyumba, usiulize ina vyumba vingapi. Uliza vitanda vingapi na ukubwa gani. "Vyumba vitatu" vinaweza kuwa na kitanda cha futi 6 kwa 6, kimoja cha 5 kwa 6, na kochi. Kwa familia yetu unataka angalau kitanda kimoja kikubwa cha mama na mchanga, kimoja cha nyanya, na vitatu vya watoto wanne, wadogo wawili wakilala pamoja, hata kama viwili ni vya ghorofa. Uliza vyandarua ni vingapi, kwa maana godoro la ziada linalotupwa sakafuni halina chandarua, na pwani hilo si jambo dogo. Kisha maji: ni ya kaunti, ya kisima au ya boza? Watu saba wanaooga mara mbili kwa siku humaliza tangi dogo upesi, na maji mengi ya visima vya karibu na bahari ni ya chumvi, kwa hivyo ya kunywa na ya kupikia utanunua.

Bwawa la nyumba ya kupangisha mara nyingi halina uzio wala mwokoaji. Kwa mtoto wa miaka 4, hilo peke yake linatosha kukufanya uchague nyumba isiyo na bwawa, au hoteli.

Na usifiche idadi ya watu. Nyumba iliyoandikwa "wageni 6" ina bei ya mgeni wa saba, au ina askari wa geti aliyepewa orodha ya majina sita. Wengine huhesabu mchanga, wengine hawamhesabu. Mwandikie mwenye nyumba kwamba kuna mchanga, na jibu lake lihifadhi.

Nyumba ina udhaifu mmoja ambao hesabu ya juu haiuonyeshi. Watu saba ni wengi. Uwezekano wa mmoja kuugua, kuitwa kazini au kuwa na matanga ni mkubwa kuliko kwa watu wawili. Hoteli inaweza kufuta chumba kimoja na kuacha kingine. Nyumba haifutiki nusu. Ikiwa familia yako ina mtu ambaye safari yake haina uhakika, soma masharti ya kufuta kabla ya kutazama picha.

Mtoto ni nani?

Hapa ndipo familia kubwa hupoteza pesa bila kujua, kwa sababu kila mlango una umri wake. Kwenye treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa, aliye chini ya miaka 3 hasafiri kwa tiketi, wa 3 hadi 11 analipa nusu, na wa 12 analipa kama mama yake. Ndege nazo humpakata aliye chini ya miaka 2, humwita mtoto wa 2 hadi 11, na kuanzia 12 ni mtu mzima. Hoteli nyingi hukata kwenye 12, chache kwenye 16 au 18. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo lenye huruma zaidi: aliye chini ya miaka 5 anaingia bure, na hubaki mtoto mpaka atimize 18.

Kwa hivyo mtu ghali zaidi kwenye likizo ya familia ni kijana wa miaka 12 hadi 17. Anakula kama mtu mzima, analipiwa kama mtu mzima, lakini haruhusiwi kulala chumba peke yake. Familia yenye vijana watatu wa umri huo haina faida yoyote ya bei ya mtoto hotelini, na hapo nyumba nzima haina mpinzani.

Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kufika, si wa siku ya kulipia. Mtoto anayetimiza miaka 12 tarehe 10 Desemba ni nusu bei wiki ya kwanza ya mwezi huo na bei kamili wiki ya Krismasi. Chukua nakala za vyeti vya kuzaliwa, hasa kwa mtoto mrefu. Kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba jaza umri halisi wa kila mmoja. Ukiacha sehemu hiyo tupu, bei itaonekana tamu na nyongeza utaikuta mapokezi. Ukijaza watu saba katika chumba kimoja, tovuti itakujibu hakuna nafasi, au itakuonyesha chumba kimoja cha kifahari; tafuta vyumba viwili tangu mwanzo.

Kufika: hapa kichwa kinashinda

Kutoka Nakuru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Matatu ya viti 14 ya kukodi inaonekana ni akili kwa watu saba, mpaka uhesabu kwamba dereva na gari watakaa nawe pwani siku zote hizo. Kwa mfano wa sh. 10,000 kwa siku, siku sita ni sh. 60,000, kisha mafuta ya safari ya kwenda na kurudi, kisha chakula na kitanda cha dereva. Hata ukimwomba ashushe na arudi, utalipia safari yake tupu.

Treni kwa familia yetu: nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa imekuwa sh. 1,500 tangu Januari 2024, na daraja la kwanza sh. 4,500. Mama, nyanya na kijana ni sh. 4,500. Watoto watatu kwa nusu ni sh. 2,250. Mchanga bure. Kwenda ni sh. 6,750, na kurudi vivyo hivyo: sh. 13,500. Daraja la kwanza kwa safari moja ni sh. 20,250, na kwa watoto wadogo tofauti ya starehe haifikii tofauti ya bei. Juu ya hapo ongeza matatu za Nakuru hadi Nairobi na gari la kuwatoa Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, hadi mnakolala. Bado haitafika nusu ya gari la kukodi.

Tatizo la treni ni kuunganisha. Kituo kikuu cha Nairobi kiko upande wa Syokimau, si mjini, na kuna ukaguzi wa mizigo unaokula muda; fika saa nzima na ushei kabla. Kutoka Nakuru mkiondoka alfajiri, treni ya alasiri mnaiwahi bila kukimbizana. Kutoka Kisumu, ni ile ya usiku au mlale Nairobi, na usiku mmoja wa watu saba Nairobi unaweza kula faida yote. Visu hairuhusiwi kupanda navyo, kwa hivyo aliyepanga kubeba vyombo vyake vya jikoni aviache. Tiketi hununuliwa kwa *639# au mtandaoni, na kila abiria ana jina lake na namba ya kitambulisho. Kwa watoto kuwa na vyeti mkononi. Msimu wa Desemba viti saba vya pamoja huisha kabla ya viti vya mmoja mmoja.

Kwa watu wa Kisumu kuna ndege ya moja kwa moja hadi Mombasa, na hapo kuna mtego ambao huwapata familia kubwa pekee. Ndege huuza viti kwa mafungu ya bei. Ukitafuta viti sita na fungu la bei ya chini limebaki na vitatu, mfumo hauchanganyi: unawapandisha wote sita kwenye fungu la juu. Tuseme vitatu vipo kwa sh. 7,000 na vingine ni sh. 9,500. Ukitafuta sita pamoja utaona sh. 57,000. Ukinunua vitatu, kisha vitatu vingine, ni 21,000 + 28,500 = sh. 49,500. Jaribu kwanza kutafuta kiti kimoja, viwili, vitatu, ukitazama bei inaruka wapi.

Ukigawanya, kila fungu la tiketi liwe na mtu mzima, na aliyepakata mchanga awe mama yake. Mtu mzima mmoja hupakata mchanga mmoja tu. Mwenye mapacha humlipia wa pili kiti au huwa na mtu mzima mwingine. Kisha piga simu kwa shirika waziunganishe tiketi hizo kwenye kumbukumbu zao. Ndege ikiahirishwa bila kuunganishwa, nusu ya familia inaweza kuhamishiwa saa nyingine.

Gari lako mwenyewe lenye viti 7 ni habari nyingine. Kwa kilomita 1,300 za kwenda na kurudi, likila lita moja kwa kilomita 11, ni lita 118 hivi, tuseme kwa sh. 180 kwa lita, ni kama sh. 21,000. Linakaribiana na treni, na ukiwa pwani huhitaji tuktuk. Lakini viti saba vikijaa, mizigo ya watu saba haina pa kukaa. Anayekwenda Diani anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu akaepuka foleni ya feri ya Likoni.

Familia ambazo orodha ya bei haizijui

Mzazi mmoja na mtoto mmoja ndio wanaoumia zaidi hotelini kwa kila kichwa. Dawa yao si nyumba, ni rafiki. Kina mama wawili, kila mmoja na mtoto mmoja chini ya miaka 12, wakichukua vyumba viwili kwa bei zetu ni 17,500 mara mbili, sh. 35,000. Wakichukua chumba kimoja ni 18,000 + 9,000 = sh. 27,000. Sh. 8,000 kila usiku. Hoteli haihitaji kujua wana uhusiano gani. Kinachohesabiwa ni watu wazima wawili na watoto wawili.

Nyanya au shangazi mwenye watoto wasio wake abebe barua fupi ya mzazi yenye sahihi, nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo na namba yake ya simu, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Majina hayatafanana, na si kila karani wa mapokezi ana busara. Kituo cha afya nacho kitauliza nani anaruhusu matibabu.

Mume mwenye wake wawili asiulize bei ya "chumba cha watu watatu". Hata panapokuwa nafuu, nyumba moja yenye jiko moja ni ugomvi uliolipiwa. Watu wa kwetu wanajua kwa nini kila mke huwa na nyumba yake bomani. Tafuta kiwanja chenye nyumba ndogo mbili au tatu zinazotazamana, kila moja na mlango wake, na ukodishe zote kwa bei moja ya jumla. Wenye viwanja hivyo hupunguza kwa hiari wakiona zote zinajaa kwa mkupuo.

Dada wa kazi anayekuja kusaidia na mchanga hotelini ni mtu mzima kamili, isipokuwa hoteli iwe na bei ya yaya. Zipo zenye bei hiyo, lakini haiandikwi kwenye bango. Kwenye nyumba yeye ni kitanda tu.

Bila kuvuka Nairobi

Kwa siku mbili au tatu, magharibi ina vitu vingi vinavyouzwa vizima. Mashua ya Dunga, Kisumu, bei yake hupatanwa kwa mashua na kwa muda. Watu saba na watu watatu wanaweza kulipa sawa. Angalia tu maboya ya watoto yawe ya saizi ya watoto, na kama hayapo msipande. Msitu wa Kakamega una mabanda upande wa Buyangu unaosimamiwa na KWS, nafuu na ya kawaida sana: beba chakula, tochi na shuka. Nakuru kuna nyumba ya KWS ya kujipikia huko Naishi na hosteli ya Wildlife Clubs of Kenya, zote ndani ya hifadhi.

Lakini kulala ndani ya hifadhi kunamaanisha ada ya kila mtu kwa kila siku. Kwa familia kubwa yenye siku mbili, mara nyingi ni nafuu kulala mjini Nakuru, siku moja muingie hifadhini alfajiri, na siku ya pili muende kreta ya Menengai au makumbusho ya Hyrax Hill.

Kwenye geti kuna ngazi nyingine ya bei: gari. Kwa viwango vilivyodumu miaka mingi Ziwa Nakuru, raia mtu mzima alilipa sh. 860 na mtoto sh. 215. Gari la chini ya viti 6 lililipa sh. 300, la viti 6 hadi 12 sh. 1,030. Familia yetu ingelipa 1,720 kwa wakubwa wawili na 645 kwa kijana na watoto wa 10 na 7, wadogo wawili bure, kisha 1,030 ya gari la viti saba: sh. 3,395. Viwango vipya vilitangazwa mwaka 2025, kwa hivyo soma cha siku yako kwenye eCitizen kabla ya kuondoka. Pesa taslimu hazipokelewi getini, na mtandao hapo husumbua. Lipa ukiwa mjini na uhifadhi risiti kwenye simu.

Lini, na ujumbe wa kutuma

Shule zikifungwa mwishoni mwa Oktoba, familia isiyo na mtahiniwa ina Novemba nzima ya bei za chini, ingawa kuna mvua za vuli. Mwenye mtoto wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, asubiri mwishoni mwa Novemba. Kutoka hapo hadi wiki moja kabla ya Krismasi ndiyo nafasi nzuri kuliko zote kwa familia yenye vijana. Aprili pwani ni nafuu kwa sababu ni masika. Agosti ni kukavu, ila bei hupanda. Jumapili hadi Alhamisi huwa nafuu kuliko wikendi, hasa Naivasha, Nakuru na Kisumu.

Ujumbe wa WhatsApp kwa hoteli au wakala uandike hivi, wote ukiwa mmoja:

"Habari. Tunafika Jumapili tarehe 6 Desemba, tunaondoka Ijumaa tarehe 11, usiku 5. Sote ni raia. Watu wazima 2. Umri wa watoto siku ya kufika: 15, 10, 7, 4 na miezi 14. Naomba bei ya HB kwa mipango miwili: (1) vyumba viwili, kila kimoja na mtu mzima; (2) vyumba viwili vyenye mlango wa ndani. Andika nani yuko chumba gani na analipa ngapi. Bei iwe ya mwisho, pamoja na kodi na ada ya huduma. Ni lini mwisho wa kufuta chumba kimoja bila faini?"

Jibu likija na jumla moja tu bila mgawanyo wa vyumba, rudisha. Wakala akileta kifurushi cha pps, mtumie ujumbe huo huo, kisha uulize kama gari la kuwatoa kituoni limehesabiwa kwa viti saba na mizigo, na kama ana leseni ya Tourism Regulatory Authority. Arubuni ilipwe kwa Till au Paybill yenye jina la biashara ile ile iliyo kwenye ankara. Jina la mtu binafsi likitokea kwenye simu kabla hujaweka PIN, simama hapo hapo. Na kama chama ndicho kinacholipa, kumbuka M-Pesa haipitishi zaidi ya sh. 250,000 kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo familia tatu zinazokodi kiwanja kizima zigawanye malipo kwa awamu na kila awamu iwe na risiti yake.